Kitalu Nyumba cha Kipenu: Mambo ya Kupima Kabla ya Kulipa

Viwanja vya makazi mijini vinazidi kuwa vidogo, na nafasi inayobaki kati ya ukuta wa nyumba na uzio mara nyingi ni ukanda mwembamba wenye upana wa mita moja na nusu au mbili tu. Familia zinazotaka kupata nyanya, pilipili hoho na mboga za majani bila kwenda sokoni kila siku hutazama ukanda huo na kufikiria kitalu nyumba. Kwa kuwa kitalu cha kawaida chenye paa la pande mbili hakitoshi hapo, muuzaji hupendekeza kitalu cha kipenu, yaani kile chenye paa la upande mmoja, ambacho huegemezwa kwenye ukuta wa nyumba au wa uzio.

Kitalu cha namna hiyo kinaweza kuwa ununuzi mzuri. Kinaweza pia kumeza akiba ya familia na kuishia kuwa stoo ya ndoo na majembe, kwa sababu mimea iliyopandwa ndani yake iliungua kabla ya kuzaa. Tofauti kati ya matokeo hayo mawili mara nyingi haitokani na ukubwa wa bei wala na uzuri wa nailoni au kioo. Hutokana na jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi kabisa: hewa ya moto itatokea wapi?

Katika makala haya tunaeleza kwa nini swali hilo linatangulia mengine yote, namna ya kupima nafasi uliyonayo, vifaa vinavyofaa, na mambo ya kuandikiana na muuzaji kabla ya kutoa arbuni.

Kifaa kilichobuniwa kwa ajili ya baridi

Kitalu cha kuegemea ukuta kina historia ndefu katika nchi za baridi kama vile Uingereza. Huko, ukuta wa matofali hupokea joto la jua mchana na kulirudisha polepole usiku, na hivyo kuikinga mimea na baridi kali. Ndiyo maana maelekezo yanayoambatana na vitalu vya kuunganisha kutoka Ulaya humwambia mnunuzi achague ukuta unaotazama kusini. Ushauri huo ni sahihi kwao, kwa kuwa upande wao wa dunia jua la adhuhuri huwa kusini mwaka mzima.

Tanzania iko kati ya nyuzi 1 na nyuzi 12 hivi kusini mwa ikweta, na jua letu lina mwenendo mwingine. Dar es Salaam, kwa mfano, kuanzia mapema Machi hadi katikati ya Oktoba jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Miezi iliyobaki huwa upande wa kusini. Kimo chake pia ni tofauti sana. London, mwishoni mwa Desemba, jua la adhuhuri huinuka nyuzi 15 tu kutoka upeo wa macho. Dar es Salaam, hata mwezi Juni jua linapokuwa chini kuliko wakati wowote wa mwaka, adhuhuri hufika nyuzi 60 hivi, kimo kinachokaribiana na kile cha jua la London katika kilele cha kiangazi chao. Kwa maneno mengine, siku yetu ya jua hafifu inakaribiana na siku yao ya jua kali.

Kwa hiyo mnunuzi wa hapa nchini asifuate picha na maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi ya mbali. Tatizo ambalo kitalu hicho kilibuniwa kulitatua, yaani ukosefu wa joto, katika maeneo yetu mengi halipo.

Je, unahitaji kitalu kilichofungwa?

Mwanga wa jua hupenya nailoni au kioo, hupasha joto udongo, mimea na ukuta, na hivyo hupasha hewa iliyo ndani. Hewa hiyo, ikiwa haina njia ya kutoka, huendelea kupata joto. Kitalu kilichofungwa kikiwa juani kinaweza kuzidi joto la nje kwa nyuzi joto 10 au zaidi. Kitalu chembamba huathirika upesi zaidi kuliko kikubwa, kwa kuwa hewa yake ni chache na ukuta ulio pembeni nao hutoa joto.

Nyanya ni kipimo kizuri. Joto la mchana linapozidi nyuzi 32 kwa siku nyingi mfululizo, chavua yake hupoteza nguvu na maua hupukutika bila kufunga tunda. Katika Dar es Salaam, miezi ya Januari na Februari joto la kivulini nje ya nyumba hufika nyuzi 31 au 32. Tundu la hewa, hata liwe kubwa namna gani, haliwezi kuifanya hewa ya ndani iwe baridi kuliko ile ya nje inayoingia. Hivyo mkulima wa Dar es Salaam, Tanga, Lindi, Unguja au Morogoro mjini, anayefunga kitalu chake kwa nailoni pande zote, ananunua tatizo.

Kwa wakazi wa maeneo hayo ya joto, kinachofaa ni paa la kuzuia mvua pamoja na kuta za neti ya kuzuia wadudu. Paa huyakinga majani yasilowe, na majani makavu hushambuliwa kidogo na magonjwa ya ukungu. Neti huzuia inzi weupe na nondo wa kanitangaze, lakini huruhusu upepo kupita. Kitalu cha aina hiyo kwa kawaida hugharimu kidogo kuliko kilichofungwa, na muuzaji anayekusukuma ununue cha bei kubwa zaidi anapaswa kukueleza faida yake kwa mahali unapoishi.

Kwa wakazi wa nyanda za juu, kama vile Njombe, Mbeya, Makete, Lushoto na miteremko ya Kilimanjaro na Meru, hali ni tofauti. Usiku wa miezi ya Juni na Julai huwa wa baridi, na Njombe na Makete hupata hata jalidi. Hapo kitalu kinachoweza kufungwa usiku na kufunguliwa mchana kina manufaa ya kweli. Neno la kuzingatia ni “kufunguliwa”: hata Njombe, jua la saa sita mchana lina nguvu ya kuunguza mimea iliyofungiwa.

Kuchagua ukuta

Kwa nyanda za juu zenye baridi, ukuta unaotazama kaskazini ndio bora, kwa kuwa hupokea jua katika miezi ya baridi, wakati linapohitajika zaidi. Kwa maeneo ya joto, ukuta unaotazama mashariki unafaa zaidi: mimea hupata jua la asubuhi, na alasiri hupata kivuli cha nyumba. Ukuta unaotazama magharibi uepukwe pwani, kwa sababu hupigwa na jua la alasiri, ambapo hewa tayari ina joto, kisha huendelea kulitoa joto hilo hadi usiku.

Kabla ya kuamua, tazama ukanda wako siku moja yenye jua, saa mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi jioni, na uandike ni sehemu gani iliyo juani. Mboga za majani kama mchicha na saladi huvumilia kivuli kiasi. Nyanya, hoho na matango huhitaji jua la moja kwa moja kwa saa sita hivi kwa siku; penye jua pungufu ya hapo, usinunue kitalu kwa ajili yake.

Chunguza pia vitu vilivyo kwenye ukuta huo. Kitalu kisifunike dirisha la chumba cha kulala au la jikoni, kwa sababu kitazuia hewa safi na kuingiza unyevunyevu ndani ya nyumba. Kisijengwe juu ya shimo la maji machafu wala juu ya mfuniko wake. Kama ukuta ni wa uzio mnaochangia na jirani, au kama unaishi katika nyumba ya kupanga, pata ridhaa ya mwenzako au ya mwenye nyumba kwa maandishi. Uliza vilevile katika ofisi ya halmashauri yako kama ujenzi unaokusudia unahitaji kibali.

Upana na upenu

Upana ndio unaoamua namna utakavyofanya kazi, na kuna aina tatu.

Kitalu chenye upana wa sentimita 60 hadi 90 hakiingiliki. Unasimama nje, unafungua mlango au kukunja neti, na kuifikia mimea kwa mkono. Kinafaa kwa miche na mboga za majani. Hakikisha upande wote wa mbele unafunguka, kwa sababu mkono wa mtu mzima hufanya kazi kwa raha hadi sentimita 60 au 70 tu.

Kitalu chenye upana wa mita 1.2 hadi 1.5 kina nafasi ya tuta moja na njia moja. Hiki ndicho kinachofaa viwanja vidogo vingi.

Kitalu chenye upana wa mita 1.8 au 2 kinaruhusu matuta mawili ya sentimita 60 na njia katikati.

Muulize muuzaji kama vipimo anavyotaja ni vya ndani au vya nje. Katika kitalu cha mita 1.2, nguzo na fremu zikichukua sentimita 10, umepoteza sehemu kubwa ya njia yako.

Sasa tazama juu. Nyumba zetu nyingi zina upenu unaochomoza sentimita 60 hivi kutoka ukutani. Kwa kuwa jua letu la mchana huwa karibu na utosi, sehemu iliyo chini ya upenu hupata mwanga mchache. Kitalu cha mita 1.2 kilichobanwa ukutani kinaweza kuwa na nusu ya eneo lake kivulini wakati wa adhuhuri. Michoro mingi huonyesha tuta likiwa limegusa ukuta na njia ikiwa upande wa nje. Chini ya upenu, mpangilio huo unaipa njia jua na kuiwekea mimea kivuli.

Tunashauri mpangilio ugeuzwe: njia iwe ukutani, chini ya upenu, na tuta liwe upande wa nje. Mpangilio huo una faida nyingine mbili. Kwanza, unatembea mahali ambapo paa liko juu zaidi, hivyo huinami. Pili, udongo wenye maji hauugusi ukuta wa nyumba. Tuta lililorundikwa ukutani hupeleka unyevu ndani ya matofali, na baada ya misimu michache lipu na rangi ya chumba kilicho upande wa pili huanza kubanduka.

Hesabu ya hewa

Tuchukue mfano wa kitalu chenye urefu wa mita 3, upana wa mita 1.2, kimo cha mita 2.2 ukutani na mita 1.7 upande wa nje. Eneo la sakafu ni mita za mraba 3.6, na hewa iliyomo ni mita za ujazo 7 hivi tu. Hewa hiyo kidogo hupata joto katika muda mfupi baada ya jua kuchomoza.

Hewa ya moto hupanda. Katika kitalu cha kipenu hukusanyika kwenye pembe ya juu, pale paa linapokutana na ukuta. Mlango ulio wazi, peke yake, hauitoi hewa hiyo vya kutosha, kwa kuwa inahitaji njia ya juu ya kutokea, na hewa ya nje inahitaji njia ya chini ya kuingilia. Wakulima wa bustani wa Uingereza hutumia kanuni kwamba madirisha ya paa yawe na ukubwa wa moja ya tano ya eneo la sakafu. Ikiwa kanuni hiyo ni ya nchi ya baridi, sisi tuihesabu kuwa ni kiwango cha chini kabisa.

Kwa mfano wetu, moja ya tano ya mita za mraba 3.6 ni 0.72. Uwazi wa urefu wa mita 3 na upana wa sentimita 24 unatimiza kiasi hicho. Chini ya upenu jambo hili ni rahisi: paa la kitalu liishie sentimita 24 kabla ya kugusa ukuta, na pengo hilo lifunikwe kwa neti ya wadudu. Upenu wa nyumba utalikinga na mvua. Pasipo na upenu, kama kwenye ukuta wa uzio, panahitajika dirisha la juu lenye bawaba pamoja na bati la kuziba maungio ya paa na ukuta.

Upande wa nje nao uwe wa neti tangu juu ya tuta hadi chini ya paa, na katika maeneo ya baridi uwe na nailoni ya kukunja inayoshushwa usiku. Kumbuka kwamba neti yenye matundu madogo sana, inayozuia hadi inzi weupe, hupunguza pia kasi ya hewa. Kadiri neti inavyokuwa nzito, ndivyo uwazi unavyopaswa kuwa mkubwa zaidi.

Maji ya mvua

Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Kama upande wa paa la nyumba yako unaoelekea kitalu una mita za mraba 20, mvua ya milimita 30 humwaga lita 600, na maji hayo yote hudondoka kwenye mstari wa upenu, yaani katikati ya paa la kitalu chako. Nailoni itazama, itakusanya maji na hatimaye kuchanika. Gata kwenye upenu wa nyumba, yenye bomba la kupeleka maji kwenye tangi, ni sehemu ya gharama ya kitalu, hata kama muuzaji hakuitaja. Nayo hulipa, kwa kuwa maji hayo ndiyo utakayomwagilia.

Paa la kitalu lenyewe liwe na mteremko wa kutosha. Katika mfano wetu, paa linashuka sentimita 50 ndani ya upana wa sentimita 120, mteremko ambao maji hayatuami.

Vifaa na maswali yake

Nailoni ya kitalu. Inayofaa ina kinga dhidi ya mionzi ya jua na unene wa mikroni 200 hivi, sawa na milimita 0.2. Kwa kawaida hudumu miaka mitatu hadi minne. Nailoni ya kawaida ya ujenzi hufanana nayo machoni, lakini ikikaa juani hupasuka kabla ya mwaka kuisha. Omba kuona maandishi ya mtengenezaji kwenye rola, na usikubali kipande kisicho na utambulisho. Mahali nailoni inapogusa chuma cha moto ndipo inapochakaa kwanza. Fundi azifunike au kuzipaka rangi nyeupe sehemu hizo.

Polikaboneti. Ni karatasi ngumu zenye mifereji ndani yake. Aina nyingi zina kinga ya mionzi upande mmoja tu, na upande huo lazima utazame juu. Alama huwa kwenye utando wa plastiki unaobanduliwa wakati wa kufunga. Simamia kazi hiyo, kwa sababu karatasi iliyogeuzwa hubadilika rangi ikawa ya manjano na kukatika upesi. Mifereji ielekee chini kufuata mteremko, na ncha zake zizibwe dhidi ya vumbi na wadudu.

Kioo. Hudumu muda mrefu, lakini ni kizito na hupitisha jua kali. Kioo cha kawaida kikivunjika hutoa vipande vyenye ncha kali; kioo kilichokazwa kwa moto huvunjika katika vipunje visivyo na makali. Penye watoto wanaocheza mpira uani, usikubali kioo cha kawaida.

Fremu. Mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki hustahimili kutu, isipokuwa pale yanapokatwa na kuchomelewa, kwa kuwa moto huondoa zinki hiyo. Maungio hayo yapakwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo. Katika miji ya pwani na visiwani, ambako hewa ina chumvi, ni bora maungio ya bolti, au fremu ya alumini ikiwa uwezo unaruhusu. Mbao ziwe zimetiwa dawa na zisimame juu ya zege, wala zisichimbiwe udongoni ambako mchwa huzifikia.

Kufunga ukutani. Upepo ukiingia chini ya paa la nailoni hulinyanyua kama tanga. Kitalu kishikwe ukutani kwa bolti za zege, si misumari, na nguzo za nje ziwe na msingi wa zege.

Ahadi za mavuno

Muuzaji akikuahidi kwamba kitalu kitarudisha gharama yake kwa msimu mmoja, fanya hesabu pamoja naye. Tuta la urefu wa mita 3 na upana wa sentimita 60 linatosha mstari mmoja wa nyanya za kupanda juu kwa nafasi ya nusu mita, yaani mashina 6. Tukikadiria kilo 5 kwa kila shina, jumla ni kilo 30. Zidisha kwa bei ya nyanya katika soko lako, toa gharama ya mbegu, mbolea na maji, kisha linganisha na bei ya kitalu. Kwa familia nyingi jibu litakuwa kwamba kitalu hiki hulisha nyumba, hakiendeshi biashara. Si vibaya kukinunua kwa sababu hiyo. Vibaya ni kukikopea fedha kwa matumaini ambayo eneo lake haliwezi kuyabeba.

Uliza pia kuhusu mbegu. Nyanya na hoho hujichavusha zenyewe, na kutikisa mashina asubuhi kunatosha. Matango mengi ya kawaida huhitaji nyuki, ambao neti huwazuia. Kwa hiyo nunua mbegu zinazozaa bila uchavushaji, ambazo pakiti yake hueleza hivyo. Aidha, katika tuta moja jembamba hakuna pa kuhamishia zao. Nyanya, hoho, bilinganya na viazi mviringo ni za ukoo mmoja na hushirikiana magonjwa kama mnyauko. Badilisha kwa mboga za majani kila baada ya msimu, au tumia makopo na mifuko ambayo udongo wake unaweza kubadilishwa.

Maandishi na haki zako

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kutoa fedha, dai makadirio ya gharama yaliyoandikwa, yenye jina la biashara na mahali ilipo, vipimo vya ndani, aina na unene wa kila kifaa, ukubwa wa uwazi wa juu na wa chini, nani atafunga, tarehe ya kukamilisha, na muda wa dhamana. Dhamana ya fremu itajwe peke yake na ya nailoni peke yake, kwa kuwa “dhamana ya miaka 10” mara nyingi huhusu chuma tu.

Andika pia matumizi yako, kwa mfano: “Kitalu cha kulima nyanya, Kigamboni, ukuta unaotazama mashariki.” Sentensi hiyo fupi ina uzito. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji atoe bidhaa inayolingana na maelezo yake. Na pale mnunuzi anapomjulisha muuzaji matumizi anayoyakusudia na kutegemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kufaa kwa matumizi hayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa. Dai risiti ya mashine ya kielektroniki kwa kila malipo, yakiwemo ya arbuni.

Usilipe fedha yote kabla ya kazi kukamilika. Kubalianeni kwamba sehemu ya mwisho italipwa baada ya majaribio matatu ambayo kila mtu anaweza kuyafanya:

1. Mwagieni paa maji kwa mpira kwa dakika kumi. Maji yasituame juu wala kupenya kwenye maungio.

2. Sukumeni na kuvuta nguzo za nje. Fremu isitikisike ukutani.

3. Siku ya jua, kati ya saa sita na saa nane mchana, pimeni joto ndani na nje kwa kipimajoto kilichowekwa kivulini, matundu yote yakiwa wazi. Ndani pakizidi nje kwa zaidi ya nyuzi joto 5, uwazi uongezwe kabla ya kupanda.

Jaribio la tatu ndilo ambalo wengi hulisahau, nalo ndilo linaloonyesha kama umenunua kitalu au tanuri.

Likitokea tatizo, mwandikie kwanza muuzaji, ukieleza kasoro na kutaja siku ambayo unataka iwe imerekebishwa. Hifadhi nakala ya barua hiyo, risiti, makadirio na picha. Asipojibu au akikataa bila sababu ya haki, leta nyaraka hizo katika ofisi yetu iliyo karibu nawe. Malalamiko yenye maandishi hushughulikiwa kwa urahisi zaidi kuliko yale yanayotegemea kumbukumbu ya mazungumzo ya dukani, ambayo kila upande huyakumbuka kwa namna yake.